Sikukuu ya Ziada, Siku ya Likizo au Malipo ya Juu: Mwajiri Achague Lipi?

Tangazo linatoka Jumatano jioni: Ijumaa ni mapumziko. Mfanyakazi akilisoma anahesabu siku tatu mfululizo za kuwa nyumbani. Mwajiri akilisoma anahesabu mzigo uliokuwa utoke Ijumaa hiyohiyo. Nimepanga zamu za watu kwa miaka kadhaa, na usiku wa matangazo ya namna hiyo nimefuta ratiba na kuiandika upya mara nyingi kiasi cha kutowaamini wasemaji wa pande zote mbili. Yupo anayelia kwamba sikukuu zinafilisi biashara, na yupo anayeapa kwamba mtu aliyelala vizuri hufanya kazi ya siku mbili kwa siku moja. Wote huongea kana kwamba sehemu zote za kazi zinafanana.

Swali ninaloliona la maana ni dogo kuliko hilo. Ikiwa watu wataongezewa siku moja ya mapumziko yenye malipo kwa mwaka, waongezewe kwa njia ipi? Njia ninazokutana nazo ni tatu. Ya kwanza ni sikukuu ya wote: geti linafungwa, kila mtu anabaki kwao siku ileile. Ya pili ni kuongeza siku moja kwenye likizo ya mwaka ya kila mfanyakazi, aichukue anapotaka kwa makubaliano. Ya tatu ni kufungua kazi siku ya sikukuu na kumlipa aliyekuja, ama kwa kiwango cha juu, ama kwa siku mbadala baadaye.

Nitazipima zote tatu kwa mambo manne: fedha inayotoka kweli, muda wa kujipanga, kama mtu anapumzika kweli, na nani anaachwa nje. Nakiri mapema kwamba hilo la pili nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Fedha inayotoka kweli

Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili 104, toa sikukuu kumi hivi, unabaki na siku za kazi kama 250. Siku moja basi ni asilimia 0.4 ya kazi ya mwaka. Denmark ilipofuta sikukuu yake ya Store Bededag (Siku Kuu ya Maombi) kuanzia 2024 ili kupata fedha za ulinzi, wafanyakazi wa mshahara walifidiwa nyongeza ya asilimia 0.45 ya mshahara wa mwaka. Hesabu zinakaribiana, na wengi hukomea hapo.

Lakini mshahara wa mwezi hautikisiki siku ya sikukuu. Ungelipwa tu. Kinachogharimu ni kazi iliyolala, na inategemea ni kazi gani. Chukua karakana ya kuchapisha vitabu yenye watu 20, kila mmoja saa 8 kwa siku. Sikukuu inalaza saa 160. Kama kazi zilizo mezani zinaweza kungoja Jumatatu, au watu wakikaza mwendo siku mbili tatu zikamalizika, hakuna senti inayoongezeka. Kama nusu ya kazi hizo zina tarehe ya kukabidhiwa, saa 80 zitafanywa Jumamosi kwa ovataimu. Ovataimu ikiwa ni mara moja na nusu, unalipa mshahara wa saa 120. Kama kila kitu kina tarehe, unalipa wa saa 240. Karakana ni ileile na watu ni walewale, ila bei inaanzia sufuri na kufika siku moja na nusu ya mshahara wa karakana nzima. Ndiyo maana nikitajiwa gharama ya sikukuu moja huwa nauliza: ya nani?

Hata kwenye hesabu za nchi nzima jambo hili linaonekana. Uingereza iliongeza sikukuu mwezi Juni 2022 kuadhimisha miaka 70 ya Malkia Elizabeth II kwenye kiti cha enzi. Pato la nchi lilishuka Juni, likapanda Julai. Sehemu ya kazi haikupotea, ilisogea. Mteja aliyekosa kunyolewa Ijumaa atanyolewa Jumanne. Kiti cha basi kilichokwenda kitupu hakirudi. Na mwenye hoteli siku hiyo hana cha kulalamikia, kwa sababu wateja wake ni hao waliofungiwa ofisi na wengine.

Siku ya likizo kwenye karatasi ina bei ileile ya asilimia 0.4, ila imetawanywa. Kwenye karakana yetu watu 20 wanatoka siku 20 tofauti na mashine hazizimwi. Mwenzake anashika, kazi inakwenda. Gharama hujificha kwa yule asiye na wa kumshika: fundi pekee anayeijua mashine ya kukatia, mhasibu pekee mwenye nywila ya benki. Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni kwamba likizo isiyochukuliwa ni deni. Chini ya kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 19, siku za likizo zinazoweza kuvukishwa kwenda mwaka mwingine huandikwa kwenye vitabu kama kitu kampuni inachodaiwa. Sikukuu haina deni, ikipita imepita.

Kwa ofisi ya watu watatu hesabu inapinduka. Mmoja akienda likizo, theluthi ya ofisi imeondoka, na waliobaki wanafanya kazi kwa kuchechemea. Hao kufunga mlango siku moja wote pamoja huwagharimu kidogo kuliko kupeana zamu ya kutokuwepo mara tatu.

Kufungua na kulipa ndiyo njia yenye bei iliyo wazi kuliko zote, kwa kuwa inaandikwa kwenye hati ya mshahara. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004, kwa mfano, inamtaka mwajiri alipe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanywa siku ya sikukuu. Marekani sheria ya shirikisho haiilazimishi kampuni binafsi kutoa sikukuu yenye malipo wala kumwongezea aliyefanya kazi. Ni mapatano yao. Kwa hiyo soma sheria ya kwako kabla hujapiga hesabu. Siku mbadala inaonekana ya bure, lakini ni ile njia ya pili imepitia mlango wa nyuma. Usipoiwekea tarehe inageuka deni lilelile la likizo.

Na kibarua anayelipwa kwa siku? Kwake hesabu yote inageuka. Asipolipwa siku ya sikukuu, mwajiri hapotezi mshahara wowote. Aliyepoteza ni yeye. Katika vikao vingi vya kujadili gharama za sikukuu mtu huyo hayupo chumbani, na gharama yake haihesabiwi kuwa gharama.

Muda wa kujipanga

Mwaka huohuo wa 2022 Uingereza ilitoa sikukuu mbili ambazo hazikuwa kwenye kalenda ya kawaida. Ile ya Juni ilitangazwa Novemba 2020, zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla. Ya pili ilikuwa ya mazishi ya Malkia, tarehe 19 Septemba, na ilitangazwa siku tisa tu kabla. Kwa mtazamo wa mshahara ni siku mbili zilizo sawa. Kwa mtu mwenye ratiba ni vitu viwili visivyo na undugu. Kwa ile ya Juni kiwanda kilikuwa na muda wa kupanga matengenezo, na mteja wa kuagiza mapema. Kwa ile ya Septemba miadi mingi ya hospitali iliahirishwa, na wazazi wakajikuta shule zimefungwa.

Na siku tisa ni nyingi ukilinganisha na wengine. Kenya sikukuu ya kupanda miti ya 13 Novemba 2023 ilitangazwa tarehe 6, wiki moja kamili. Marekani sheria ya sikukuu ya Juneteenth, kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa, ilisainiwa 17 Juni 2021 na watumishi wa shirikisho wakapumzika kesho yake. Saudi Arabia iliifunga Argentina kwenye Kombe la Dunia tarehe 22 Novemba 2022, na tarehe 23 nchi nzima ilikuwa sikukuu. Furaha ni furaha, siikatai. Ila mahali fulani usiku ule kulikuwa na mtu ameshika simu na orodha ya majina.

Ninamjua mtu huyo kwa sababu nimekuwa yeye. Ukipiga simu saa tatu usiku kutafuta watu wa zamu ya sikukuu ya ghafla, wa kwanza hapokei. Wa pili anapokea, kelele za stendi zinasikika nyuma yake: "Samahani bosi, nishapanda basi." Wa tano anakubali, na wa tano huwa ni yuleyule kila mara, yule asiye na pa kwenda au asiyejua kukataa. Malipo ya juu hayakununua kitu usiku huo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulipwa.

Kwa hiyo chini ya kigezo hiki sikukuu ya wote ni nzuri sana ikijulikana tangu Januari na ni mbaya kuliko zote ikitangazwa wiki ileile. Njia ya kufungua na kulipa inafuata mkondo huohuo: zamu zikipangwa miezi miwili kabla watu hugombea siku ya malipo maradufu, zikipangwa usiku wanazima simu. Siku ya likizo ndiyo inayoshinda hapa, kwani mwombaji analeta fomu mapema na mkuu wake anasaini au anakataa. Kasoro yake ni kwamba watu 20 wana watoto wa shule zilezile, na wote wanaitaka wiki ileile.

Kuna pia suala la siku yenyewe. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, Ijumaa ofisi huwa nusu: huyu anaumwa tumbo, yule amefiwa na ndugu wa mbali. Unalipia siku mbili umetoa moja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1968, ikaanza kutumika 1971, ya kupeleka sikukuu kadhaa Jumatatu. Japani ilianza jambo hilohilo mwaka 2000. Likizo ya mtu binafsi haina shida hii, maana mwenyewe ataiunganisha na wikendi bila kumfisha mtu.

Kitu kimoja cha kukagua kabla hujaendelea ni mkataba. Uingereza, zilipokuja zile sikukuu za ziada, haki ya mfanyakazi ilitegemea maneno machache. Mkataba ukisema "siku 20 za likizo na sikukuu," siku mpya inaingia yenyewe. Ukisema "siku 20 na sikukuu 8," ya tisa haimo mpaka mwajiri apende. Wakubwa wengi wa kampuni hawajui mikataba yao inasema lipi hadi siku ifike.

Je, mtu anapumzika kweli?

Hapa sikukuu ya wote ina kitu ambacho njia nyingine hazina: ukimya. Mteja amefunga, mgavi amefunga, bosi naye yuko kwao. Hakuna barua pepe zinazojazana. Ukichukua likizo yako Jumanne ya kawaida, ukirudi Jumatano unazikuta ujumbe 90, na nusu yake zinaanza na "najua uko likizo, lakini..." Zaidi ya hapo, siku ya sikukuu mume, mke na watoto wako nyumbani kwa wakati mmoja. Kwa walioajiriwa wote wawili jambo hilo ni adimu.

Halafu kuna likizo ambayo haichukuliwi kabisa. Japani imekuwa na sikukuu nyingi za kitaifa, sasa 16 kwa mwaka, huku wafanyakazi wakiacha siku zao za likizo zikioza kwa kuona haya kuwaachia wenzao mzigo. Tatizo lilifika mahali kwamba tangu Aprili 2019 sheria inamlazimu mwajiri kuhakikisha mwenye haki ya siku 10 au zaidi anachukua angalau 5 kwa mwaka. Ofisi yenye utamaduni wa aina hiyo ikiongeza siku ya likizo imeongeza namba kwenye karatasi tu.

Kwa upande mwingine, mtu mwenye mgonjwa nyumbani au mtihani wa jioni hahitaji sikukuu ya tarehe iliyochaguliwa na mwingine. Anahitaji Jumatano yake. Kwake siku moja anayoichagua inamsaidia kuliko sikukuu mbili za kupangiwa.

Malipo ya juu si mapumziko, ni fedha. Anayeichukua mara moja kwa mwaka kulipia ada hana ubaya. Anayeichukua kila sikukuu atachoka, na uchovu kwenye mashine ya kukatia una gharama ambazo hazirudishiki. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, unataka likizo ya mwaka isipungue wiki tatu za kazi na sikukuu zisihesabiwe ndani yake. Yaani sikukuu na likizo ni vitu viwili, na kimoja hakifidii kingine.

Nani anaachwa nje

Sikukuu ya wote si ya wote. Muuguzi, mlinzi, dereva, mtu wa tanuri la vioo lisiloweza kuzimwa: hao wanakuwa kazini. Anayefanya kazi Jumatano hadi Ijumaa tu hazioni sikukuu za Jumatatu maisha yake yote, isipokuwa mwajiri amkatie sehemu yake kwa uwiano wa siku anazofanya. Na mwenye sherehe ya dini ambayo haimo kwenye kalenda ya taifa anapumzika siku za wengine, kisha anaomba ruhusa kwa yake.

Siku ya likizo huwafikia hawa wote sawasawa. Njia ya kufungua ni ya haki ikiwa ni ya hiari kweli na zamu zinazunguka. Isipozunguka, ni yule wa tano wa kwenye simu kila mwaka.

Kabla hujatoa, fikiria kurudisha

Jambo hili linahusu njia zote tatu. Siku ikishatolewa haichukuliki kirahisi. Ureno ilifuta sikukuu nne kuanzia 2013 wakati wa kubana matumizi, ikazirudisha zote 2016. Denmark, kabla ya kufuta ile moja, watu makumi ya elfu waliandamana Copenhagen Februari 2023. Ujerumani iliweza mwaka 1995, ikaondoa siku moja ili kugharimia bima ya matunzo ya wazee na wagonjwa, lakini jimbo la Saxony lilibaki nayo hadi leo. Ufaransa ilipogeuza Jumatatu ya Pentekoste kuwa siku ya kazi bila malipo, kwa sheria ya mwaka 2004, kwa ajili ya wazee, ubishi uliendelea kwa miaka. Ukitaka kujaribu, andika wazi kwamba ni majaribio ya mwaka mmoja, na taja tarehe ya kuyapima.

Ukiwa katika hali ipi, uanzie wapi

Ofisi ambayo wateja na wagavi wake wote wanafunga siku za sikukuu, na kazi yake haina tarehe za kesho: sikukuu ya ziada ndiyo nafuu, hasa ukiiweka Jumatatu au Ijumaa na kuitangaza mwanzoni mwa mwaka. Shule, ofisi za ushauri na biashara ndogo za watu wachache huangukia hapa.

Kazi ya zamu isiyosimama, kama hospitali, ulinzi, umeme au kiwanda chenye tanuri: ongeza siku ya likizo. Sikukuu mpya kwako ni bili ya malipo maradufu kwa wachache na kinyongo kwa waliobaki zamu. Ila weka kiwango cha chini cha siku ambazo lazima zichukuliwe, na mfundishe mtu wa pili kila kazi yenye fundi mmoja.

Duka, hoteli au usafiri, ambako sikukuu ni msimu: fungua na ulipe. Toa orodha ya zamu miezi miwili kabla, anza na wanaojitolea, na aliyefanya sikukuu iliyopita awe wa mwisho kuitwa. Siku mbadala iwe na tarehe kwenye orodha hiyohiyo.

Kama watumishi wako wengi ni wa muda au wa dini tofauti, siku ya kuchagua mwenyewe itapunguza manung'uniko kuliko sikukuu yoyote utakayoibuni. Kama ni vibarua wa kulipwa kwa siku, jambo la kwanza ni kuamua kama siku hiyo watalipwa. Wasipolipwa, usiitaje kama marupurupu.

Na kama serikali ndiyo inayotangaza na wewe huna la kuchagua, kilicho mkononi mwako ni ule mstari wa mkataba na akiba ya siku mbili kwenye tarehe unazowaahidi wateja.

Kama bado hujui uko kundi gani, chukua kalenda ya mwaka jana na uzungushie sikukuu zote. Kando ya kila moja andika vitu vitatu: ovataimu iliyolipwa siku saba zilizofuata, mizigo iliyochelewa, na watu walioumwa siku iliyo jirani nayo. Inachukua mchana mmoja. Mara ya kwanza nilipoifanya, safu ya ovataimu ilikuwa tupu kwa sikukuu zote za kalenda, na imejaa kwa mbili tu, zote za kutangazwa ghafla.